Kuri Akiketi

Kaka yangu Eizo hana mke, hana mtoto, na hana subira na mtu anayechelewa. Alicho nacho ni mbwa. Mbwa huyo anaitwa Kuri, jina la ile njugu ya porini tunayookota majani yanapopukutika, maana rangi yao ni moja, kahawia inayong'aa. Wakipita njiani wawili hao, watu humsalimu kwanza Kuri, kisha Eizo, naye haoni ubaya wowote.

Mimi ni Kinue, mdogo wake, mjane wa miaka sitini na sita. Nyumba yangu inatazamana na yake, njia tu ndiyo inayotutenga. Nilirudi kijijini miaka sita iliyopita baada ya kumzika mume wangu mjini, na wiki ile ile ya kwanza Eizo akaja akasimama mlangoni, hata viatu hakuvua, akasema, "Ukikaa ndani utaota ukungu. Jumapili unapanda na sisi."

Sisi maana yake yeye na mbwa.

Tangu hapo kila Jumapili ya majira ya baridi, kuanzia theluji ya kwanza mpaka inapoyeyuka mashambani, tunapanda Mlima Torigoe sote watatu. Kileleni hatufiki, kileleni ni kwa wenye magoti yao. Tunafika kwenye mwerezi uliopigwa radi, tunakula matonge yetu ya wali yenye plamu ya chumvi ndani, tunakunywa chai, tunagombana kidogo, tunashuka. Chini ya viatu tunafunga kanjiki, zile pete za mti zinazomzuia mtu asizame. Kuri hana kanjiki. Yeye kabla ya kuondoka hupakwa mafuta ya kamelia katikati ya vidole, ili theluji isigande huko ikawa vidonge vya barafu vya kumchoma. Eizo humpaka kidole kimoja kimoja, huku akimbembeleza kwa maneno matamu ambayo mimi, niliyelala naye tumbo moja, sijaambiwa hata nusu yake.

Kuri ana tabia moja tu inayoniudhi. Tukiwa tunapanda, yeye hutuhesabu. Mmoja akibaki nyuma, hata kama ni kwa kufunga kamba ya kiatu, Kuri huketi chini kwenye theluji na haendi mbele hatua moja mpaka tukamilike. Umvute, umtukane, umwonyeshe kipande cha samaki mkavu, ameketi tu. Niliacha kuudhika siku moja tu, majira yetu ya pili, nilipotumbukia kwenye shimo lililofichika kando ya shina la mti nikazama mpaka makwapani. Nilipiga kelele mpaka koo likaniwasha, lakini theluji hula sauti. Eizo alikuwa hatua hamsini mbele yangu, hakusikia kitu, angeendelea kupanda akizungumza peke yake kama kawaida yake. Kuri akaketi. Ndipo kaka yangu akageuka.

Tangu siku ile tumekuwa na msemo wetu: Kuri akiketi, kuna mtu nyuma.

Nautaja msemo huo mapema ili mjue kwamba niliujua. Sina kisingizio.

Jumamosi ile theluji ilikuwa imeanguka siku nne mfululizo. Juu ya paa la Eizo ilikuwa imefika kimo cha kifua, na pembeni ilikuwa imechomoza nje ya mabati ikaning'inia. Nilikuwa nafagia kizingiti changu nikamwona anatoka stoo, ngazi begani, koleo mkononi, miaka sabini na moja kichwani.

Huku kwetu kila mwaka paa huchukua mtu. Si mlima unaotuua, ni mapaa. Ndiyo maana tuna sharti kwamba hakuna anayepanda juu peke yake, na mwenye miaka ya Eizo hapandi kabisa. Nikavuka njia bila hata kuvaa koti.

"Shuka!" nikamwambia.

"Sijapanda bado, nitashukaje?"

"Unataka nikuokote hapa kwa ufagio? Vijana wa zimamoto wa Usui wanakuja Jumatatu kusafisha mapaa yote ya upande huu. Si umeambiwa?"

"Jumatatu." Akatazama juu. "Kinue, theluji haijui Jumatatu. Ile imeshaiva. Kesho kukipata joto kidogo tu itashuka yenyewe."

"Ishuke! Ikishuka yenyewe si umepunguziwa kazi?"

"We mwanamke una kichwa kigumu."

"Nimekitoa wapi? Si kwa baba yule yule? Niapie, Eizo. Niapie kwamba hupandi juu ya paa hilo."

Tuligombana mpaka jirani akafungua dirisha asikie vizuri. Nilimwita mzee asiyejijua. Akasema nina sauti ya ving'ora viwili. Mwisho akachoka, akairudisha ngazi stoo kwa kishindo, akatoka akipangusa mikono.

"Haya, naapa. Sipandi. Umefurahi? Kesho saa mbili, na usichelewe."

"Siji. Nenda na mbwa wako."

"Utakuja," akasema, akamwita Kuri, wakashika njia ya mlimani kupeleka karatasi.

Karatasi hiyo ndiyo iliyotupotosha wote. Pale njia ya Torigoe inapoanzia pana sanduku la bati juu ya nguzo. Anayetaka kupanda huandika majina ya wanaokwenda, umri, njia watakayopita, chakula walichobeba na saa ya kurudi, akatumbukiza humo. Wengine wote huandika pale pale asubuhi. Eizo huandika Jumamosi nyumbani, miguu ikiwa kwenye joto chini ya meza, maana asubuhi wino wa kalamu huganda naye hapendi mwandiko mbaya. Kijijini kwetu karatasi ikishaingia sandukuni, mtu yuko mlimani. Haulizwi tena.

Jumapili niliamka na hasira zangu zile zile, nimezilaza zikaamka na nguvu mpya. Saa mbili kasorobo nilikuwa nimeshavaa kila kitu, soksi mbili mbili, matonge yamefungwa. Kisha nikajiambia: mwache angoje. Angoje ajue baridi ikoje. Nikarudi nikaketi, nikavuta mfarishi wa meza ya moto, ile yenye kijiko cha joto chini yake, mpaka kiunoni, nikamimina chai ya pili ambayo sikuitaka.

Saa mbili na dakika kama kumi nilisikia kishindo nje. Mtu wa nchi ya theluji akisikia kishindo kama hicho hashtuki. Mapaa yanajipangusa hivyo majira yote, usiku na mchana. Nilinyanyua kikombe kisimwagikie mfarishi, nikakiweka tena. Ndicho nilichofanya. Nilinyanyua kikombe.

Nilitoka saa tatu kasorobo, kanjiki miguuni. Theluji ilikuwa inaanguka kwa wingi, mapande makubwa yenye maji ambayo yanamfanya mtu ainame na kutazama vidole vyake vya miguu. Nikavuka njia nikiwa nimeshayapanga maneno yangu ya kwanza, na ya pili. Uani kwa Eizo sikumwona Eizo. Alikuwapo Kuri peke yake, kamba inaburuta, juu ya lundo la theluji lililo chini ya upenu. Lundo hilo huwa pale kila mwaka, hufika mpaka dirishani, na theluji mpya ilikuwa imeshalifunika likawa laini kama matandiko. Kuri alikuwa analichimba kwa miguu ya mbele, anatupa theluji nyuma, anabweka mbweko mmoja mmoja.

"Acha!" nikamwambia. "Unatafuta panya asubuhi yote hii?"

Mlango ulikuwa wazi kama siku zote. Nikaita. Kimya. Jiko la mafuta limezimwa, viatu havipo, kanjiki hazipo kwenye msumari wake, mkoba haupo. Hata simu sikushangaa kuikuta kabatini karibu na sukari, hapo ndipo inapoishi.

Ameondoka bila mimi. Hilo ndilo nililoliona, na niliposadiki hilo sikuona lingine. Ameningoja robo saa, akakasirika, akaenda zake, na mbwa, kwa kuwa alituhesabu akakuta mmoja hayupo, amemponyoka akarudi kunichukua. Mbona lilikaa sawa kabisa! Lilikaa sawa kwa sababu lilinifaa kwa hasira.

Nikapanda juu ya lundo, nikaikamata kamba. Kuri akajikaza. Nikavuta. Akaketi palepale juu, akanitazama.

"Unanitazamia nini? Bwana wako ametutupa sote wawili," nikamwambia kwa sauti, maana nilitaka mtu anisikie, hata kama ni mbwa. "Mzee mkaidi asiye na haya. Na agande huko huko! Agande, nione ni nani atakayemlilia!"

Ulimi hauna mfupa. Nikamburuta Kuri kutoka pale, makucha yake yakachora mistari miwili kwenye theluji mpaka njiani.

Mpaka kwenye sanduku ni nusu saa. Siku ile ilituchukua karibu saa nzima. Kila hatua ishirini Kuri aliketi, nami nilimnyanyua kwa kifua kama gunia, nikamsukuma, nikamwomba, nikamlaani. Nyayo za mtu sikuziona, lakini kwa theluji ile nyayo zangu mwenyewe zilikuwa zinajaa nikigeuka tu. Nilifungua sanduku. Karatasi ya Eizo ilikuwa juu ya nyingine zote, mwandiko wake uleule wa mwanafunzi bora. Watu wawili na mbwa mmoja. Eizo, miaka 71. Kinue, miaka 66. Kuri, miaka 7. Matonge manane. Kurudi saa saba mchana. Na pale panapoulizwa apigiwe nani simu likitokea jambo, alikuwa ameandika jina langu.

Nilicheka, kicheko kibaya. Mzee huyu, nikifa naye mlimani, watanipigia simu mimi.

Kicheko kikaisha. Nikatazama juu, miti imepotea nusu, upepo umeanza kugeuka. Ana hasira, yuko peke yake, hana mbwa, na hakuna anayeijua njia vibaya kama mtu anayedhani anaijua vizuri. Niliita jina lake mara nyingi. Nilimfunga Kuri kwenye nguzo nikapanda peke yangu mpaka daraja la kwanza, nikaita tena, nikarudi. Hofu ikanishika, hofu ya kweli sasa, nikampigia Usui.

Usui anatengeneza tofu, ile jibini ya maharage ya soya, na ndiye mkuu wa wazimamoto wa kujitolea wa kijiji chetu. Hakuuliza mengi. Aliuliza, "Karatasi ipo?" Nikasema ipo. Nikasikia king'ora kikilia kule chini kabla hata sijakata simu.

Walifika saa tano kasorobo, wanaume saba wenye fito ndefu za kudungia theluji kumtafuta aliyefukiwa, wengine bado wana unga wa maharage kwenye nyusi. Usui akaisoma karatasi, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni.

"Amevaa nini, Mama Kinue?"

"Koti la kijani. Kofia ya sufu niliyomfumia, nyekundu."

"Nyekundu vizuri. Amekwenda saa ngapi?"

"Saa mbili. Labda mbili na robo."

Usui akatazama saa. Wanaume wakaanza kupanda kwa mstari. Mimi nikamfungua Kuri, nikajifunga kamba kiunoni nifuate. Kuri akaketi.

"Mbwa huyo amechoka," Usui akasema. "Mrudishe nyumbani tu, mama. Atatukwamisha."

"Kuri hachoki," nikamjibu kwa ukali, maana hata katika hali ile sikupenda mtu amseme. "Hii ni tabia yake. Akiketi maana yake kuna mtu nyuma."

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe.

Kuri alikuwa ameketi na mgongo ameupa mlima. Uso wake ulitazama chini, kijijini. Miaka saba mbwa huyu ametembea na Eizo, na hata siku moja hajawahi kumketia mtu aliye mbele. Aliye mbele humkimbilia. Humketia aliye nyuma. Toka asubuhi ananiambia jambo hilo hilo moja, hatua ishirini kwa hatua ishirini, nami namnyanyua kifuani na kumpeleka mbali nalo.

"Usui," nikasema. Nikamshika mkono. "Usui, hayuko mlimani."

"Karatasi si hii hapa?"

"Aliandika jana! Huandika jana yake! Waite watu wako washuke. Waite!"

Sikumbuki vizuri njia ya kurudi. Nakumbuka nilianguka mara mbili, na mara ya pili Kuri hakuketi kuningoja. Aliniacha. Kamba ilinitoka kiunoni akaenda zake mbio, masikio yamelala nyuma.

Nilipoingia uani kwa Eizo, kwa mara ya kwanza siku ile nilinyanyua macho. Upande wa kulia wa paa ulikuwa na theluji kimo cha kifua, imechomoza, imening'inia, kama jana. Upande wa kushoto ulikuwa mabati. Mabati matupu, yamefunikwa na theluji nyembamba ya asubuhi ile tu, unaona hadi misumari. Nusu nzima ya paa ilikuwa imekwisha kushuka. Nami nilikuwa nimepita chini yake nikienda, nikapita nikirudi, nikasimama juu ya mzigo wake wote nikitukana.

Kuri alikuwa mahali pale pale pa asubuhi, anachimba.

Nilichimba kwa mikono. Theluji iliyoanguka toka paani si ile ya mlimani, hugandamana ikawa kama saruji, kucha zangu zikang'oka nisijue. Nililia jina lake. Usui na wenzake wakafika na makoleo wakanisogeza pembeni, si kwa upole. Mtu mmoja akapiga koleo likagonga kitu, wote wakaganda. Kilikuwa kikopo cha mafuta ya kamelia, kifuniko kimefunguliwa.

"Polepole sasa," Usui akasema. "Tumieni mikono."

Ikatokea sufu nyekundu. Ikatokea glavu. Alikuwa amekunjamana kwenye pembe ya ukuta na baraza, mkoba mgongoni, mikono mbele ya uso, na mbele ya mikono hiyo palikuwa na nafasi ndogo, haizidi bakuli la supu, iliyotandwa barafu ndani kwa pumzi yake. Uso ulikuwa na rangi ya nta. Nilisema moyoni, nimemuua. Nilisema hivyo hasa, kwa maneno hayo.

Kuri akapenya katikati ya miguu ya watu akamlamba jicho. Jicho likafunguka.

Eizo akatuzungukia sote na jicho hilo moja mpaka akanipata. Midomo ikahangaika.

"Saa mbili," akasema. "Tulisema saa mbili."

Nilimpiga kofi. Mbele ya kikosi kizima cha wazimamoto nilimpiga mzee aliyetoka kaburini kofi la shavu. "Uliniapia! Uliniapia hupandi!"

"Mama Kinue!" Usui akanikumbatia kwa nyuma akanivuta. "Huyu mtu ni mgonjwa!"

Gari la wagonjwa likaja, wakamchukua. Jioni nilikwenda kufunga mlango wake. Nilipita stoo kuchukua chakula cha Kuri. Ngazi ilikuwa ukutani, pale pale alipoibamiza Jumamosi. Kamba iliyoifunga ilikuwa na fundo la jana yake, limekauka. Hakuna aliyeigusa.

Nikaketi juu ya gunia la makaa nikiitazama.

Siku ya tatu madaktari waliniruhusu kumwona. Mguu wa kushoto umevunjika pawili, vidole viwili vya mguu vimekwenda, mapafu yana maji kidogo, lakini ataishi, walisema, na atasumbua watu miaka mingi. Hilo la mwisho aliliongeza muuguzi. Kuri haruhusiwi kuingia hospitali. Nilimfunga kwenye kibaraza cha nje naye akaketi, uso kwenye mlango wa kioo, na watu wakawa wanamzunguka.

Eizo alikuwa amekaa kitandani anamenya chenza kwa vidole vilivyofungwa bendeji. Hakunitazama.

"Nimeiona ngazi," nikamwambia.

"Eeh."

"Hukupanda."

"Si niliapa? Mimi nikisema sipandi, sipandi." Akatoa uzi mweupe mmoja kwenye chenza akauweka pembeni. "Nilikuwa nimesimama kwenye kona ile isiyopigwa na upepo. Nakungoja wewe. Nikaona wakati unapita, nikasema nimpake Kuri mafuta tena, mguu wa nyuma. Kuri akasikia kabla yangu, akaruka. Mimi nilikuwa nimepiga magoti."

Ni mimi niliyemkataza kuiondoa theluji ile siku aliposema imeiva. Ni mimi aliyekuwa ananingoja chini yake. Na nilikuwa nakunywa chai nisiyoitaka.

"Na kule chini," nikauliza, kwa sababu lazima niseme kitu, "palikuwaje?"

"Giza. Siyo jeusi, la buluu buluu." Akafikiri. "Unajua jambo la ajabu? Unasikia kila kitu. Wa juu hamsikii wa chini, lakini wa chini anamsikia wa juu kama wako chumba kimoja. Nilimsikia Kuri anachimba. Nilisikia hata pua yake."

Nikajua kinachokuja, nikatamani kusimama nitoke nje kwa mbwa, lakini sikuondoka.

Eizo akaligawa chenza vipande viwili, taratibu.

"Agande," akasema, kwa sauti yangu mimi, ile ile, hata lile pigo la mwisho ninaloliweka nikiwa na hasira. "Agande, nione ni nani atakayemlilia." Akatia kipande mdomoni, akatafuna. "Haya, niliganda. Alipatikana wa kunililia?"

"Kaka..."

"Nilikuitika, Kinue. Uliposema hivyo nilikuitika. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ulikuwa umesimama hapa." Akaonyesha mahali juu ya kichwa chake, karibu sana, mtu angeweza kunyoosha mkono akagusa. "Halafu nikasikia makucha ya Kuri yanaburutwa. Halafu nikasikia kanjiki zako zinakwenda, krru, krru, krru, mpaka zikaisha."

Hakusema kwa ubaya. Laiti angesema kwa ubaya ningejua la kumjibu, maneno ya ubaya nimejaliwa. Alisema kama mtu anayesimulia hali ya hewa, kisha akaninyooshea nusu yangu ya chenza.

Sikuipokea. Niliinamisha kichwa kwenye shuka ya hospitali nikamlilia. Nilimlilia kaka yangu akiwa hai, ameketi, anakula, kwa sauti ambayo sikuitoa hata siku ya kumzika mume wangu. Mgonjwa wa kitanda cha pili akavuta pazia. Viatu vya mpira vikaja mbio koridoni, muuguzi akachungulia, uso umemwiva.

"Kuna nini humu? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu," Eizo akamwambia. "Huyu ni mdogo wangu. Huwa anachelewa."